Sentimita Tano za Mzee Erukana

Risala ya Umoja wa Wapangaji wa Ngazi C, Alby, kwa Bwana Holger Sundelin, Mkurugenzi wa Nyumba wa eneo letu, siku ya kufungua mteremko wa viti vya magurudumu. Ijumaa, 16 Oktoba 1987.

Mgeni rasmi, utuwie radhi kwa vumbi. Umetukuta kazini. Ndugu Kiprono, unayemwona pale karibu na mlango, ameshuka sasa hivi kutoka ghorofa ya tatu na patasi bado iko mkononi. Zile chembe nyeupe kichwani mwake si mvi, ni rangi ya fremu ya mlango wa bafu. Mlango huo ni wa nani, na kwa nini unabomolewa siku ya sherehe, tutaeleza kwa utaratibu. Tulikusudia kumaliza saa nane mchana. Fremu ya kushoto imetoka. Ya kulia imegoma. Basi tukaweka nyundo chini, tukanawa mikono, tukaja kukulaki.

KARIBU

Karibu sana katika chumba hiki cha mikutano. Mngurumo unaousikia nyuma ya ukuta ni wa mashine za kufulia. Zamu ya leo ni ya ghorofa ya tano, na kwa sheria za jengo hili zamu ya kufua haiahirishwi kwa sherehe wala kwa msiba.

Risala hii inasomwa kwa Kiswahili. Sisi wakazi wa Ngazi C ya jengo hili tumetoka Kenya, Uganda, Tanzania, Zaire na Burundi, na hii ndiyo lugha pekee ambayo ndani yake hakuna kati yetu aliye mgeni kuliko mwenzake. Dada Wangari, msaidizi wa wauguzi na jirani yetu, atakutafsiria. Tunamwomba mbele yako, kama tulivyomwomba jana kwenye kamati, atafsiri kila sentensi kama ilivyo na asiipake sukari. Ombi hili lina sababu, nayo utaisikia.

HISTORIA FUPI

Umoja wetu ulianza mwaka 1982 kwa ajili ya ratiba ya kufua. Baadaye tukaongeza misiba, harusi, na kuwasomea barua wale ambao macho yao yamechoka. Sasa tuna wanachama thelathini na wanne. Mmoja wao ni Mzee Erukana Ssemakula, na kwa kuwa bila yeye mteremko unaoufungua leo usingekuwapo, tunaomba historia yake iwe historia yetu.

Mzee Erukana alifika nchi hii mwaka 1973 akiwa na koti moja na cheti cha ualimu ambacho hakuna aliyejua kukisoma. Akaajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, akakunja mashuka kwa miaka kumi na miwili. Ni mtu wa shingo iliyonyooka. Hata kwenye mashine za mashuka alikwenda na tai, akaivua mlangoni na kuivaa tena saa ya kutoka. Tunamwita mzee kwa heshima tu, maana miaka yake ni hamsini na minne. Ugonjwa wa sukari ulimla mguu wa kulia polepole, na majira ya baridi ya mwaka juzi ukakatwa juu ya goti. Wa kushoto upo, lakini haumbebi.

Alirudi nyumbani kwa kiti cha magurudumu. Kiti kile ni kizuri, tunakishukuru. Kina upana wa sentimita sitini na sita. Mlango wa bafu lake, kati ya fremu na fremu, ni sentimita sitini na moja. Tumeupima juu, katikati na chini, mara tatu, kwa futi mbili tofauti, moja ya Kiprono na nyingine ya jirani wa Ngazi B asiyetupenda sana. Jibu ni lile lile.

MAFANIKIO

Mgeni rasmi, tangu tulipoandika barua ya kwanza, miezi kumi na tisa iliyopita, Kampuni yako ya nyumba imefanya mengi, nasi si watu wa kusahau fadhila.

Kwanza, mteremko. Ni wa saruji, una reli ya manjano pande zote mbili, na usiku unawaka taa. Tumekaa nao wiki tatu na hatujaona dosari katika saruji yake. Unaishia kwenye mlango wa chumba cha baiskeli. Hatusemi ni vibaya. Baiskeli zinaingia kwa raha ambayo hazikuwahi kuijua, na watoto wa jengo zima wanaupenda kwa kuteleza. Mzee Erukana naye aliujaribu siku ya kwanza. Alipanda mwenyewe hadi juu, akafika kwenye baiskeli, akazisalimu, akashuka.

Pili, sinki la chini. Mzee aliombewa sinki la jikoni lishushwe ili alifikie akiwa ameketi. Mafundi walikuja siku ile ile waliyoahidi, jambo ambalo bado tunalizungumzia, wakalishusha kwa ustadi mkubwa. Walilishusha kwa Bi Akeyo, ghorofa ya pili. Bi Akeyo ni yule dada aliyesimama kule nyuma, ambaye unamwona bila kutafuta, kwa kuwa ana mita moja na sentimita sabini na tisa. Alipouliza, akaambiwa kazi imekwisha na faili limefungwa. Alipoomba sinki lirudishwe juu, alitumiwa fomu inayotaka cheti cha daktari kuthibitisha kwamba hana ulemavu. Daktari wake akasema yeye huandika magonjwa, hajawahi kuandika uzima. Bi Akeyo ametuomba tuseme kwa niaba yake: "Mama yangu aliniambia niende Ulaya nikainue kichwa. Mwaka wa pili huu nainamia masufuria." Lakini anashukuru.

Tatu, barua. Tumepokea barua kumi na moja, zote kwa karatasi nzuri.

MATATIZO

Hapa Dada Wangari anywe maji kwanza.

Mgeni rasmi, risala kama hii ina desturi yake. Matatizo hupewa aya moja fupi, yakaitwa madogo madogo, kisha watu wakapiga makofi. Rasimu yetu ya kwanza ilikuwa hivyo. Tuliisoma kwenye kamati Jumanne, tukaisifu. Mama Cissy, mkewe Mzee Erukana, alikuwa ameketi na sufuria ya chai magotini. Akauliza, "Mmemaliza?"

Tukasema ndiyo, mama.

Akasema, "Naona mmemvalisha tena suti."

Rasimu tukaiweka kando. Ili nawe ujue kwa nini, hatuna budi kukusimulia habari ya suti.

Mwezi wa Machi mwaka huu, ofisi inayoshughulikia marekebisho ya nyumba ilimtuma mkaguzi aje kuona shida ya Mzee Erukana kwa macho yake. Tuliarifiwa siku kumi kabla. Basi tukajiandaa kama tulivyolelewa. Kwetu mgeni haonyeshwi jikoni. Mgeni haulizwi ataondoka lini, wala haambiwi kwamba paa linavuja wakati yuko chini yake. Tulisugua sakafu. Tulibandika upya karatasi ya ukutani pale mgongo wa kiti ulipoichana. Mama Cissy alikaanga mandazi tangu alfajiri. Kiprono na mwandishi wa risala hii walimbeba Mzee bafuni, wakamwogesha, wakamvalisha suti ya kijivu aliyofungia ndoa, wakamketisha kwenye sofa na kumkunjia blanketi zuri mapajani. Kisha mmoja wetu akatazama kiti cha magurudumu, akasema kinaharibu sebule. Tukakisukuma hadi kwa Wangari na kukifunika kwa shuka.

Mzee Erukana aliketi pale akingoja. Tai ilimbana, lakini hakuigusa. Kwa mara ya kwanza tangu hospitali alijiona mrefu. Alitazama mlango wa bafu ng'ambo ya korido, akaona tumeutundikia kalenda yenye picha ya maua, akajua moyoni kwamba jambo haliendi sawa. Lakini kengele ililia.

Mkaguzi alikuwa binti mpole, mwenye karatasi zake kwenye ubao. Alikunywa chai, akala mandazi matatu, akauliza kwa sauti ya chini kama mtu aliye kanisani. Wangari alitafsiri.

"Bwana Ssemakula, unaendeleaje?"

"Sijambo kabisa, mwanangu. Tunashukuru. Na wazazi wako hawajambo?"

Akaandika.

"Kuna ugumu wowote hapa nyumbani?"

Mzee alimwangalia mkewe, akaangalia sahani ya mandazi, akaangalia suti. Mtu anamwambiaje binti wa watu, amekuja na baridi yote ile, amekula chakula chako, kwamba nyumba yako ni mbaya?

"Hakuna shida," akasema. "Tunakwenda tu."

Akaandika.

"Kuoga je? Unaweza mwenyewe?"

Swali lile, mgeni rasmi, liliulizwa na msichana wa miaka ishirini na kitu, mbele ya mkewe na mbele ya majirani watano. Mzee Erukana alihisi damu imempanda masikioni. Kila asubuhi, kabla ya saa kumi na mbili, Kiprono hushika mabega na mwandishi wa risala hii hushika mguu, wakambeba kupita mlango ule kwa ubavu kama meza inayohamishwa. Naye hujitahidi kuwachekesha. "Taratibu," huwaambia, "msiugonge ukuta. Rangi ni ya Kampuni." Hayo aliyajua yeye, tuliyajua sisi, na hayakuwa ya kusemwa kwenye mandazi.

"Bila shaka," akasema. "Mimi ni mtu mzima."

Akaandika.

"Swali la mwisho. Je, hali yako inatarajiwa kudumu?"

Mzee Erukana ni mlokole wa zamani. Mtu wa namna yake hamwekei Mungu mipaka kwenye fomu. Akatabasamu, akanyoosha kidole juu. "Mwenye kujua hilo ni mmoja. Akipenda, hata kesho mambo yatabadilika."

Wangari amekwisha kukiri mbele ya kamati kwamba sentensi hiyo aliitafsiri hivi: "Ana matumaini." Alidhani anamsaidia. Dada Wangari, na hii itafsiri yote, usiruke.

Tulimsindikiza mkaguzi hadi kituo cha treni, tukampa mandazi ya njiani. Tulirudi tukiimba. Tulisema ziara imefana.

Wiki ya sita ofisi ikajibu. Ikasema mpangaji anaishi vizuri, anajihudumia, hakuonekana akitumia kiti cha magurudumu, na yeye mwenyewe anatarajia nafuu. Kwa hiyo bafu halina haja ya kuguswa. Mwisho wa barua walishukuru kwa mandazi.

Hatukuichukia ofisi. Tuliisoma barua ile mara nyingi, na kila mara tulikuta imeandika kwa uaminifu yale tuliyoyasema. Kosa la mwanzo ni letu. Tulimficha mgonjwa ili mganga asisumbuke.

Lakini kosa la mwisho, mgeni rasmi, tunaomba tugawane. Maana tarehe nne ya mwezi uliopita, katika sanduku moja la barua, asubuhi moja, zilifika bahasha mbili. Ya kwanza ilitoka ofisi ile ya marekebisho. Ilikataa rufaa tuliyokata dhidi ya jibu lile, kwa kuwa nyumba ya Bwana Ssemakula inamfaa. Ya pili ilitoka ofisi ya matunzo, ambayo, kama tulivyoelezwa, iko katika jengo lile lile, ghorofa moja juu. Ilisema nyumba ya Bwana Ssemakula haimfai hata kidogo, kwa kuwa hawezi kuingia bafuni, na kwamba ikiwa bafu halitarekebishwa kufikia mwisho wa Oktoba atahamishiwa wodi ya wazee, upande wa pili wa jiji, mkewe amtembelee Jumatano na Jumapili.

Barua hizo tumezibandika pale ukutani, bega kwa bega. Zina mihuri inayofanana. Tunaomba uzisome wakati wa soda.

Mama Cissy alipoelewa ile ya pili, hakulia. Alikwenda kwenye mlango wa bafu, akaweka kiganja kwenye fremu ya kushoto na kingine kwenye ya kulia, akabaki hivyo kama mtu anayezuia nyumba isianguke. Akasema, "Miaka ishirini na tisa tumelala kitanda kimoja. Tutaachanishwa na ubao?"

Tangu siku hiyo tumeandika barua tatu. Jibu ni kwamba suala liko mezani. Meza hatujaambiwa ni ya nani.

Leo ni tarehe kumi na sita. Siku zilizobaki ni kumi na tano.

Kwa hiyo, mgeni rasmi, tunakiri mbele yako kilichotokea leo. Sisi hatuna mafunzo ya ujenzi. Kiprono huosha mabehewa ya treni, na mwandishi wa risala hii husafisha ofisi, na yote anayoyajua kuhusu milango ameyasoma katika vitabu vya maktaba ya Fittja, akirudia kurasa alizoshindwa kuzielewa. Lakini tulipima, tukachora, tukasubiri wiki moja, tukapima tena. Fremu ile ni ya mbao, imeshikwa na misumari minane, na nyuma yake ukuta hauna bomba wala waya. Kila ubao ni sentimita nne. Ukitoa mlango na fremu zote mbili, nafasi inakuwa sentimita sitini na tisa. Kiti kinapita na bado kunabaki nafasi ya vidole. Badala ya mlango, Mama Cissy ameshona pazia. Kizingiti tutakiondoa na kuweka ubao mwembamba ulioinama, ili maji yasitoke na magurudumu yaingie.

Tunajua mkataba wa kupanga, kifungu cha kumi na moja, unakataza mpangaji kutoa hata msumari. Tumekisoma. Ndiyo maana misumari yote tuliyoitoa tumeihifadhi ndani ya kopo, na fremu ya kushoto tumeiandika kwa penseli "kushoto", ili Kampuni ikitaka mali yake iipate nzima.

Kazi ilianza saa tatu asubuhi. Kufikia saa kumi mlango ulikuwa sentimita sitini na tano. Mzee Erukana alituomba tujaribu. Tukamwambia bado sentimita moja, Mzee. Akasema, "Nimeishi na tano, nitashindwa na moja?" Akasukuma magurudumu mwenyewe. Kiti kiliingia nusu, kikashikwa. Alikaa pale, goti bafuni na mgongo koridoni, akalitazama beseni lake la kunawia kwa karibu, bila kubebwa, kwa mara ya kwanza tangu mwaka juzi. Akanyoosha mkono, akafungua bomba. Maji yakatoka. Akayafunga. Tulimvuta nyuma upesi, kwa sababu Kiprono alikuwa ameanza kupiga chafya, na sisi sote pia tukaona vumbi limekuwa jingi.

MAOMBI

Maombi yetu kwa kawaida hufika kumi na mawili. Leo ni matatu.

La kwanza ni la Bi Akeyo. Sinki lake lipande. Ikibidi, umsimamishe hapa mbele ya watu, umtazame, uandike wewe mwenyewe cheti kwamba ni mrefu.

La pili, zile barua mbili zinazokaa jengo moja zikutanishwe. Sisi tuko tayari kutoa chumba hiki, chai na mandazi. Safari hii mandazi yataletwa baada ya maswali.

La tatu ni la Mzee Erukana. Umeona hayupo hapa. Lifti inafanya kazi na angeweza kushuka, lakini amesema atakungojea juu. Leo hakuvaa suti. Amevaa fulana, kiti chake kiko chini yake, kalenda ya maua imeondolewa. Amesema ukimuuliza anaendeleaje, atajibu swali ulilouliza. Ni ghorofa ya tatu, mlango wa pili kulia. Tunaomba uende kabla ya kukata utepe, uondoke ukiwa umeweka sahihi kwenye karatasi moja tu, inayosema bafu lake limerekebishwa. Karatasi tumeiandaa. Kalamu ipo.

Tena, kuhusu utepe. Tulinunua mita mbili, tukaukata vipande viwili. Kimoja kiko kwenye mteremko, nacho ni chako. Mkasi uko kwenye sahani. Cha pili Mama Cissy amekiweka kabatini. Hicho hakitakatwa na mkasi. Kitakatwa na magurudumu.

HITIMISHO

Mgeni rasmi, tunaangalia saa. Kanuni za jengo zinasema nyundo isisikike baada ya saa kumi na mbili jioni, na risala hii, kama zilivyo risala zote, imekula muda wa kazi. Fremu ya kulia ina misumari minne. Miwili imelegea, miwili bado. Kiprono ameacha kabari ya mbao kwenye ufa ili usizibe, na vifaa viko kwenye ndoo, vimefunikwa.

Tutaendelea kesho saa tatu asubuhi. Ukituruhusu, tutaitoa kwa ruhusa yako. Usipoturuhusu, tutaitoa kisha tuje kukuomba msamaha. Kwa vyovyote, Mzee Erukana ameshauliza taulo lake liko wapi.

Mungu akupe miguu myepesi ya kupanda ghorofa tatu, masikio ya kusikia jibu utakalopewa huko juu, na mkono usiochoka mbele ya karatasi moja. Awalinde wa nyumbani kwako, na milango yao iwe mipana.

Ni sisi, Umoja wa Wapangaji wa Ngazi C, Alby.

Imesomwa na Katibu, Ochola. Imetafsiriwa na Wangari, bila sukari.